Maswali ya wasomaji: wakili akiwa meya Ufilipino

Makala yetu kuhusu serikali za mitaa barani Asia iligusa juujuu kwamba mameya wengi wa Ufilipino huandikwa "Atty." mbele ya majina yao. Barua zimekuja nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua zile zinazouliza jambo la kushikika.

SWALI: Je, sheria ya Ufilipino inamtaka meya awe amesomea sheria? Naona kila nikisoma habari za huko, meya ni wakili. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Haimtaki. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991 kinadai mambo machache mno: mgombea awe raia, awe ameandikishwa kupiga kura mahali anapogombea, awe amekaa hapo walau mwaka 1 kabla ya siku ya kura, na ajue kusoma na kuandika Kifilipino au lugha nyingine ya hapo. Umri wa chini ni miaka 23 kwa gavana wa mkoa na kwa meya wa jiji kubwa lisilo chini ya mkoa, miaka 21 kwa meya wa miji mingine na manispaa, na miaka 18 kwa diwani wa mji. Shahada haitajwi popote.

Kinachowabeba mawakili ni heshima na kazi yenyewe. Kuwa wakili huko ni kupanda mlima: shahada ya kwanza, kisha miaka 4 ya sheria, kisha mtihani unaotungwa na kusimamiwa na Mahakama ya Juu. Anayetaka kufaulu apate wastani wa 75%, na asishuke chini ya 50% katika somo hata moja. Majina ya waliofaulu hutangazwa nchi nzima, na mtoto wa mji mdogo akipita, mabango ya pongezi hutundikwa barabarani yakiwa na picha yake. Akishakula kiapo na kutia saini daftari la mawakili, huitwa "Attorney" na jirani, muuza samaki na padri. Cheo hicho huweza kuingia hadi kwenye karatasi ya kura, kama baadhi ya wagombea useneti walivyofanya mwaka 2025.

Halafu kuna mhuri. Ufilipino hapati kibali cha kuthibitisha nyaraka asiyekuwa wakili, na kibali chenyewe hutolewa na mahakama kwa miaka 2 tu. Kwa hiyo mtu akiuza kiwanja, akikopa, akiapa kuwa cheti chake kimepotea au akimpa nduguye mamlaka ya kumfanyia jambo, lazima apite kwenye meza ya wakili. Wakili wa mji mdogo akikaa miaka kumi kwenye meza hiyo, ameshajua mashamba ya nani yana ugomvi, nani anadaiwa na nani hawasemezani. Hakuna mkutano wa hadhara utakaompa maarifa hayo.

SWALI: Nipeni mfano wa mtu mmoja, tangu chuoni hadi umeya, kwa miaka yake. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Tumchukue Jejomar Binay wa Makati, kwa kuwa maisha yake yanagusa karibu kila kona ya mfumo huo.

Alizaliwa mwaka 1942 mtaa wa Paco, Manila, akabaki yatima angali mdogo, akalelewa na ndugu wa baba yake. Alimaliza sheria Chuo Kikuu cha Ufilipino mwaka 1967 na mwaka uliofuata akaingia katika uwakili. Rais Ferdinand Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972, mawakili waligawanyika: wengi walinyamaza, wachache wakawatetea waliokamatwa bila kudai ada. Binay alikuwa katika hao wachache, na yeye mwenyewe akatiwa kizuizini. Mwaka 1980 alishiriki kuunda MABINI, kikundi cha mawakili wa haki za binadamu ambacho kilikuwa pia na Joker Arroyo na Rene Saguisag. Baada ya kiongozi wa upinzani, Benigno Aquino, kuuawa kwa risasi uwanja wa ndege wa Manila tarehe 21 Agosti 1983, maandamano yalihamia barabara ya Ayala, katikati ya Makati, ambako wafanyakazi wa ofisini walichana vitabu vya simu vyenye kurasa za manjano na kuvimwaga madirishani. Binay alikuwa mmoja wa waandaaji barabarani.

Hapa ndipo wengi hukosea wanaposimulia kazi yake. Umeya wa kwanza hakuupata kwa kura. Februari 1986 Marcos alikimbia, Corazon Aquino, mjane wa Benigno, akashika urais, na serikali yake ikawaondoa viongozi wa mitaa wa zamani na kuweka makaimu nchi nzima. Waziri aliyesimamia zoezi hilo alikuwa Aquilino Pimentel, naye ni wakili, na alikuwa amewahi kuwa meya wa Cagayan de Oro. Makati ilikabidhiwa Binay. Mlango huohuo ndio aliopitia mwendesha mashtaka wa Davao aitwaye Rodrigo Duterte, aliyekuja kuwa rais: nafasi ya ukaimu wa makamu wa meya alipewa mama yake, mama akaikataa, akamwachia mwanawe. Ukiitazama orodha ya mameya mashuhuri wa Ufilipino na kujiuliza walitoka wapi wote kwa mpigo, anza na mwaka 1986.

Binay aligombea Januari 1988 akashinda, akashinda tena 1992 na 1995. Makati ni kitovu cha benki na makampuni, na sheria inaipa halmashauri kodi ya biashara na kodi ya majengo. Kodi ya biashara hulipwa ndani ya siku 20 za mwanzo wa Januari, au kwa awamu katika siku 20 za mwanzo wa kila robo mwaka. Ndiyo maana foleni za Januari kwenye majumba ya halmashauri huwa ndefu kama za vitambulisho. Fedha hizo zikawa huduma za watu: kadi ya matibabu katika hospitali ya mji, Ospital ng Makati, masomo katika chuo kikuu cha mji, vifaa vya shule bure, na keki inayopelekwa nyumbani kwa mzee siku yake ya kuzaliwa. Wachambuzi wa Manila huicheka keki. Wanaoicheka hawajawahi kuomba kura kwa bibi wa miaka 78.

Mwaka 1998 mihula mitatu ikaisha. Mkewe Elenita, daktari, akagombea akawa meya hadi 2001, huku mume akiongoza mamlaka ya maendeleo ya jiji kuu la Manila. Mwaka 2001 akarudi, akakaa mihula mingine mitatu hadi 2010, kisha akachaguliwa makamu wa rais. Umeya ukaenda kwa mwanawe Junjun, na kuanzia 2016 kwa binti yake Abby, wakili, hadi 2025. Mwaka 2025 binti mwingine, Nancy, aliyekuwa seneta, alimshinda mume wa Abby. Yaani baada ya miaka 39, kinyang'anyiro cha Makati kilikuwa kati ya shemeji na shemeji.

SWALI: Hiyo mihula mitatu inahesabiwaje? Kwetu gavana akimaliza miwili amemaliza. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Tofauti ipo kwenye neno "mfululizo". Katiba yao ya 1987 inasema kiongozi wa mitaa asikae zaidi ya mihula 3 mfululizo, kila mmoja wa miaka 3. Kiongozi wa ngazi ya barangay, yaani mtaa, ndiye pekee ambaye katiba imeuachia muhula wake upangwe na sheria ya kawaida. Ukikaa nje muhula mmoja, saa inaanza upya. Katiba ya Kenya haina mwanya huo.

Mahakama ya Juu imelazimika kuijibu hesabu hii mara nyingi kuliko inavyopenda. Muhula huhesabiwa ikiwa mambo mawili yametimia: ulichaguliwa kwenye nafasi hiyohiyo, na uliitumikia hadi mwisho. Makamu wa meya anayerithi kiti baada ya meya kufariki hahesabiwi muhula huo kama wa umeya, kwa kuwa hakuchaguliwa kuwa meya. Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa mwaka 1998 katika kesi ya meya wa Pateros. Kujiuzulu kwa hiari hakukatishi mfululizo, la sivyo kila meya angejiuzulu wiki moja kabla ya muda. Kusimamishwa kazi kwa amri hakukatishi pia (2009). Na manispaa ikipandishwa kuwa jiji, meya haanzi kuhesabu upya. Hilo liliamuliwa mwaka 2003 kwa meya wa Digos. Miaka 8 kabla yake wapinzani wa Makati walikuwa wamelipeleka swali hilohilo mahakamani wakihofia Binay atalitumia, wakaambiwa hofu si kesi.

Ujanja wa halali ni kuhama nafasi. Duterte alikuwa meya wa Davao tangu 1988 hadi 1998, akaenda bungeni muhula mmoja, akarudi umeya 2001 hadi 2010, akashuka kuwa makamu wa binti yake Sara hadi 2013, akapanda tena. Kumbuka kwamba meya na makamu wake hupigiwa kura tofauti, hawana tiketi moja, kwa hiyo mpango wa namna hii unahitaji kushinda mara mbili. Familia isiyo na mtu wa pili anayeuzika kwa wapiga kura huupoteza mji mwaka wa 9.

SWALI: Wakili akishachaguliwa, anaruhusiwa kuendelea na kesi zake? (Mwanafunzi wa sheria, Dar es Salaam)

JIBU: Inategemea kiti. Soma kifungu cha 90 cha sheria ileile ya 1991.

Gavana na meya hawaruhusiwi kabisa. Hawawezi kufanya kazi ya taaluma yao wala shughuli nyingine yoyote nje ya utumishi wao. Wakili aliyechaguliwa Mei ana hadi saa 6 mchana ya tarehe 30 Juni, muda unapoanza, kukabidhi mafaili kwa wenzake na kutoa taarifa mahakamani kuwa amejiondoa.

Diwani anaruhusiwa, ila si saa za kikao cha baraza, na akiwa wakili anawekewa uzio wa mambo manne. Asisimame katika kesi ya madai ambayo upande wa pili ni halmashauri au chombo chochote cha serikali. Asimtetee mshtakiwa katika jinai ikiwa mshtakiwa ni mtumishi wa umma na kosa linahusu kazi yake. Asipokee ada kwa kumwakilisha mtu katika shauri la kiutawala linalohusu halmashauri yake mwenyewe. Asitumie mali wala wafanyakazi wa serikali, isipokuwa anapotetea maslahi ya serikali.

Wanaoteleza zaidi ni viongozi wa barangay. Kifungu cha 90 hakiwakatazi, wakadhani wako huru. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilimsimamisha uwakili kwa miezi 6 kiongozi mmoja wa barangay aliyemwakilisha mtu mahakamani bila kibali cha maandishi cha Waziri wa Mambo ya Ndani na Serikali za Mitaa. Ubaya ulizidi kwa kuwa mgogoro wenyewe ulikuwa umepita mbele yake kama msuluhishi. Na hapo pana kinaya: migogoro mingi ya wakazi wa mji mmoja lazima ianzie kwenye usuluhishi wa barangay kabla ya kufika mahakamani, na katika usuluhishi huo mawakili hawaruhusiwi kuwasemea watu. Wakili pekee anayeweza kuwemo chumbani kwa kazi ni yule anayeongoza kikao.

Jambo moja dogo la kumfurahisha meya: kila wakili hutakiwa kuhudhuria saa 36 za mafunzo kila miaka 3, lakini magavana na mameya wamesamehewa.

SWALI: Kampeni inagharimu kiasi gani, na wagombea huangukia wapi? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Kisheria, fedha ni kidogo hadi inachekesha. Sheria ya uchaguzi ya 1991, si ile ya serikali za mitaa, inamruhusu mgombea wa mitaa mwenye chama kutumia peso 3 kwa kila mpiga kura aliyeandikishwa, na asiye na chama peso 5. Mji wenye wapiga kura 150,000 unampa wa kwanza peso 450,000 na wa pili peso 750,000. Chama nacho kina peso zake 5 kwa kila mpiga kura mahali kilipo na wagombea. Taarifa ya mapato na matumizi hupelekwa Tume ya Uchaguzi ndani ya siku 30 baada ya kura, na mshindi asiyeiwasilisha haruhusiwi kuanza kazi. Asiyeileta hutozwa faini, na akirudia mara ya pili hufungiwa kushika wadhifa wa umma maisha yake yote. Viwango hivyo vya peso 3 na 5 ni vya 1991. Bei ya bango si ya 1991.

Watu huangukia mapema zaidi, kwenye fomu. Kwa uchaguzi wa 12 Mei 2025, fomu zilipokewa tarehe 1 hadi 8 Oktoba 2024, na kampeni za mitaa zikaanza 28 Machi hadi 10 Mei. Fomu ni kiapo. Mpinzani akigundua umedanganya jambo la msingi, uraia au ukaazi hasa, anaomba ifutwe ndani ya siku 25 tangu uiwasilishe. Kisanduku cha ukaazi ndicho mtego mkubwa. Imelda Marcos, mjane wa Rais Marcos, akigombea ubunge Leyte mwaka 1995, aliandika miezi 7 ilhali katiba inataka mwaka 1. Tume ikamwengua, Mahakama ya Juu ikamrudisha, ikisema makazi ya kisheria ni pale mtu anapokusudia kurejea, si pale fomu ilipokosewa. Si kila mtu ana mawakili wa Imelda. Hakikisha umehamisha usajili wa kura, bili na anwani zaidi ya mwaka mmoja kabla.

Kuhusu mabango ya mapema, mahakama iliamua mwaka 2009 kwamba mtu hahesabiwi kuwa mgombea hadi kipindi cha kampeni kianze. Matokeo yake ni picha za wanasiasa zinazowatakia watu Krismasi njema, fiesta njema na mahafali mema mwaka mzima. Wafilipino wana neno la dharau kwa tabia hiyo: epal.

SWALI: Meya na baraza wakigombana, nani mshindi? (Diwani mstaafu, Tanga)

JIBU: Kwenye bajeti, mara nyingi hakuna. Meya huwasilisha rasimu kabla au ifikapo 16 Oktoba. Baraza linaongozwa na makamu wa meya, ambaye hupiga kura pale tu zinapofungana. Meya ana siku 10 za kukataa sheria ndogo, na katika bajeti anaweza kukataa kipengele kimoja. Baraza linaweza kumpita kwa theluthi mbili ya wajumbe wote. Mwaka mpya ukiingia bila bajeti, madiwani huendelea kukaa bila malipo ya ziada na bila kujadili jambo jingine. Siku 90 zikipita, bajeti ya mwaka uliopita inarudi, lakini kwa mishahara, madeni ya kimkataba na matumizi ya lazima tu. Miradi mipya inakufa.

Hata meya mwenye baraza la kirafiki hana mkono huru. Mishahara isizidi 45% ya mapato ya kawaida ya mwaka uliopita kwa halmashauri za daraja la 1 hadi 3, na 55% kwa maskini zaidi. Asilimia 20 ya mgawo kutoka serikali kuu ni ya maendeleo, na angalau 5% ya makadirio ya mapato ni ya maafa. Wakili mgeni wa umeya hudhani vita vyake vitakuwa mahakamani. Huvikuta kwa mhasibu.

SWALI: Ni kweli kwamba meya akichaguliwa tena makosa yake yanafutwa? Na mtu anawezaje kuwa meya akiwa gerezani? (Msomaji, Muscat)

JIBU: La kwanza lilikuwa kweli. Tangu 1959 mahakama zilishikilia kwamba wapiga kura wakimrudisha kiongozi, wamemsamehe makosa ya kinidhamu ya muhula uliopita, jinai haikuhusika. Kinga hiyo ilivunjwa 10 Novemba 2015 katika kesi ya Junjun Binay, aliyekuwa amesimamishwa kuhusu ujenzi wa jengo la halmashauri ya Makati. Baadaye mahakama ya makosa ya watumishi wa umma, Sandiganbayan, iliwaachia huru yeye na baba yake katika mashtaka ya jengo hilo, lakini msamaha wa sanduku la kura haukurudi.

La pili: anayezuiwa kugombea kwa jinai ni aliyehukumiwa kwa hukumu ya mwisho. Mtuhumiwa hajahukumiwa. Duterte aliwasilisha fomu ya umeya wa Davao Oktoba 2024, akakamatwa 11 Machi 2025 na kupelekwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague, na Mei akachaguliwa akiwa kizuizini. Sheria inampa mshindi miezi 6 ya kula kiapo, isipokuwa kizuizi kiwe nje ya uwezo wake. Wakati huo makamu wa meya hukaimu, na nafasi ya makamu hukaimiwa na diwani mwenye uwiano mkubwa zaidi wa kura kwa idadi ya wapiga kura wa wilaya yake. Davao makamu ni mwanawe Sebastian. Diwani aliyeongoza ni mjukuu wake.